Retrovizeri ya pikap si deni ya shofere

Kuko desturi moja inaota mizizi mu barabara zetu za kwenda ku kariere, na sisi wa sindika hatuwezi kuendelea kuiangalia tu. Retrovizeri ya pikap ikivunjika, mwenye gari anamwambia shofere: "Wewe njo ulikuwa ku volani, utalipa." Shofere hana feza ya kununua ingine. Anafunga kipande kilichobaki na kamba ya mpira, ao anaacha nafasi wazi, na anaendelea kubeba watu. Watu hao ni sisi. Tuko nyuma, juu ya mifuko ya mchele na bidoni za mazuti, tunaenda upande wa Mangurejipa, tunarudi Butembo, tunapanda Beni. Tunasema wazi: retrovizeri ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi kinalipwa na mwenye kazi.

Wengine watacheka. Watasema: "Watu wanauawa Beni, kuko hali ya dharura tangu Mei 2021, na ninyi muko munaandika juu ya kioo?" Ndiyo, tuko tunaandika juu ya kioo. Vita haiko mikononi mwetu, lakini kioo kiko. Mama anayezika mutoto wake hapati faraja kwa kuwa ni kamio lilimuua na si risasi.

Tueleze kwanza juu ya nini kioo hiki kina uzito kwetu kuliko kwa watu wa Kampala ao Nairobi. Magari mengi tunayopanda yanashuka ku bandari ya Mombasa, yanapita Kenya na Uganda, yanaingilia Kasindi. Huko yanakopita watu wanaendesha upande wa kushoto, na volani iko upande wa kuume. Sisi huku, kufuatana na sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, tunapita upande wa kuume. Gari ikiwa na volani ya kuume, shofere wetu anakaa upande wa mutaro. Motari anayetaka kumupita, kamio inayopiga honi nyuma, vyote vinakuja upande wa kushoto, mbali na macho yake. Jicho lake la upande ule ni moja tu: retrovizeri ya kushoto. Na njo ile inavunjika mbele, sababu njo inakutana na magari yanayotoka mbele mu barabara nyembamba.

Wengine wanajibu kwamba kuko kioo kingine ndani ya kabine. Watu hao hawajapanda pikap ya kariere. Ile kioo ya ndani inaonyesha nini? Inaonyesha bashi, mifuko, na migongo yetu. Gari ikijazwa mpaka juu, vioo viwili vya inje njo vinabaki. Kimoja kikipotea, shofere anamuuliza konveyere: "Nyuma kuko mutu?" Konveyere anatoa kichwa inje, mu vumbi ao mu mvua, anapiga ukelele: "Pita!" Maisha ya watu kumi na tano yanategemea ukelele wa kijana ambaye hakulala. Na ku RN4, upande wa Komanda, mahali magari yanaenda kwa msafara pamoja na askari, shofere anapaswa kujua kila dakika kama gari ya nyuma ingali inafuata ao imekwama. Bila kioo atajuaje?

Tunajua pia dawa ya bei rahisi. Unapeleka gari ku soko, fundi anakata kipande cha kioo cha nyumba, anakibandika na kole, unatoa franka kidogo, muko munaenda. Kwa macho iko kioo. Lakini kioo cha gari, mara nyingi, kimepindwa kidogo ili kionyeshe eneo kubwa. Kile cha nyumba kimenyooka, kinaonyesha kipande kidogo tu cha barabara. Motari akiwa pembeni yako, hutamuona. Na siku kikigongwa kinatoa vipande vyenye makali kama kisu, karibu na uso wa mutu aliye ku dirisha. Tena kukibadilisha vizuri si kazi ya siku mbili. Ku pikap nyingi za kawaida ni kutoa kifuniko kidogo cha plastiki ku mulango, kufungua bulo tatu, kutoa ya zamani, kuweka ingine, kukaza. Kama inatumia umeme, kuko waya moja ya kuunganisha. Kisha mutu mmoja anakaa ku volani, mwingine anasimama inje anageuza kioo mpaka yule wa ndani aone barabara na ubavu wa gari. Piese ya okazio iko Butembo, iko Beni. Mara nyingi bei yake haifikie bei ya pineu moja mupya. Pineu ikipasuka, hakuna mwenye gari anayemwambia shofere ailipe. Kwa nini kioo?

Sisi wachimbaji tunaielewa hii hesabu vizuri, sababu tunaiishi ndani ya shimo. Mbele ya kushuka tunaangalia buazaji, ile miti inayoshikilia udongo. Mti ukioza ao ukivunjika, PDG wa shimo njo anatafuta mti mwingine. Hatujasikia hata siku moja PDG akimwambia muchimbaji: "Wewe njo ulipita chini yake wakati ulivunjika, utalipa." Akisema vile, hakuna mutu atashuka. Barabara ya kwenda ku kariere ni mwanzo wa shimo. Retrovizeri njo buazaji yake.

Sheria pia iko upande wetu. Kode ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamuagiza mwenye kuajiri aangalie kwamba kazi inafanyika mu hali nzuri ya usalama na afya. Shofere wa kampuni ao wa koperative ni mufanyakazi kama wengine. Na sheria ya CNSS ya 15 Julai 2016 inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, pamoja na ajali za kazi. Lakini inasaidia mutu aliyeandikishwa. Wengi wetu hatukuandikishwa. Njo maana tunapoanguka, bili ya hospitali inaangukia bibi nyumbani: anauza mbuzi, anauza shamba, watoto wanatoka mu masomo. Mwenye gari aliyechunga bei ya kioo hatumuoni ku hospitali.

Tusiwe watu wa upande mmoja. Wenye magari nao wako na neno: "Tukilipa kila mara, mashofere hawatachunga gari." Neno hili liko na haki ndani yake. Kuko shofere anayekunywa lotoko na kukimbiza gari. Lakini hilo ni shauri la kusikilizwa: mwenye gari, shofere, konveyere na mujumbe wa wasafiri wakae chini, waulize ginsi gani kioo kilivunjika. Kama ni uzembe, aazibiwe. Kama ni tawi la muti, chukudu iliyojaa magogo ao wezi wa usiku, asikatwe hata franka moja. Na hata wakati shauri linaendelea, kioo kinunuliwe kwanza. Gari haiwezi kungojea hukumu ikiwa na jicho moja.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu. Kwanza, kila mwenye pikap inayobeba wachimbaji aweke pembeni kitu kidogo ku kila safari, kwa ajili ya vioo, mataa na freni, na koperative ione hesabu hiyo. Pili, mbele ya kuondoka, konveyere na musafiri mmoja wazunguke gari, waangalie vioo vyote viwili. Kama kimoja hakiko, gari isiondoke. Siku hizi mutu anatoa kitu ku bariere ili apite bila kioo, kesho anatoa tena, kesho kutwa tena: kwa feza hiyo angekuwa amekwisha kukinunua. Tatu, shofere anayekataa kuendesha gari bila kioo asifukuzwe. Akifukuzwa, sisi wote tushuke chini pamoja naye.

Na ninyi mama zetu na bibi zetu munaotusindikiza asubuhi, tusaidieni. Munatuuliza kila mara kama tumebeba foronyo na dawa. Ulizeni pia: "Gari ile iko na vioo viwili?" Kijana atakayejibu hapana, mushikeni ku shati. Zahabu haikimbie, itangojea gari ya kesho.