Nakala Moja si Akiba

Akiba haiozi, walinena wahenga. Hata hivyo, akiba ya msomi wa leo yaweza kutoweka kwa kubonyezwa kitufe kimoja tu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi katika vyuo vya Eldoret hurejea kutoka nyanjani na sauti za wazee alizozirekodi. Saa moja ya rekodi isiyobanwa, yenye ubora wa sidii, huchukua zaidi ya megabaiti 600. Saa 20 hupita gigabaiti 12. Tarakilishi inapojaa, aghalabu rekodi hizo ndizo hufutwa kwanza, maadamu tasnifu imekwisha kuandikwa. Filamu husazwa!

Hilo ni kosa la kitaaluma. Unukuzi haubebi kiimbo, kicheko wala kimya cha mtambaji. Isitoshe, mzee akishafariki, hakuna wa kuhojiwa tena.

Historia ya fasihi yetu ni shahidi. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikusanywa na Mwalimu Sikujua baada ya mshairi kufariki, naye W. E. Taylor akazihifadhi. Karatasi za Taylor zilifika London, na mwaka wa 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka. Ufundi wa Muyaka pekee haungetosha kuziokoa tungo hizo. Ziliokolewa kwa kunakiliwa na kuwekwa mahali zaidi ya pamoja.

Wapo wanaodai kuwa mtandao umelimaliza tatizo hili. Dai hilo lina walakini. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 tu, barua pepe na picha zikiwemo. Vyuo vilivyozoea nafasi isiyo na kikomo navyo viliwekewa mpaka mwaka wa 2022. Zaidi ya hayo, folda iliyooanishwa na mtandao si nakala ya akiba: faili ikifutwa kwenye tarakilishi, hufutwa na kule, na baada ya siku 30 pipa la taka humwagwa.

Kanuni ya wahifadhi ni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Tarakilishi na diski ya nje zikibebwa katika mkoba mmoja ndani ya matatu, mwizi mmoja huondoka na zote. Anayetaka nafasi na aanze kwa filamu, programu zisizotumika na faili zilizojirudia, kisha alimwage pipa la taka. Rekodi asilia zihamishwe kwanza, zifunguliwe na kusikilizwa, ndipo zifutwe zilikotoka.

Idara za Kiswahili nazo zina wajibu. Zipokee rekodi pamoja na tasnifu, zizitunze, na ziwaruhusu watafiti wajao kuzisikiliza. Chuo kinachodai tasnifu iliyojalidiwa vizuri lakini kisiulize ziliko sauti zilizoizaa, kinahifadhi ganda na kuitupa kokwa.