Bata mzinga asile chakula cha mtoto

Kwa majuma kadhaa sasa swali moja linarudi kila mara katika simu za wasikilizaji, hapa Butembo, na pia kutoka Lubero na Beni: je, kufuga bata mzinga, wale ambao wengi wetu tunawaita dindo, kunalipa kweli? Wanaouliza ni wenyeji wenye kiwanja, na ni wahami wa vita waliopokelewa katika viwanja hivyo. Wamesikia kwamba dume mmoja akifika siku za Noeli anauzwa kwa bei ya kuku wengi. Ni kweli, dindo ana bei. Lakini mimi nasema hivi, na najua wako watakaonikasirikia: kwa jamaa ambayo watoto wake hawajashiba, dindo anaweza kuwa mradi mbaya kuliko yote. Mnafikiria ugonjwa na wezi. Mimi nafikiria kile anachokula katika wiki nane za kwanza.

Kifaranga wa kuku wa kienyeji anaokoteza. Anafuata mama yake, anaparua, anapata mdudu hapa na punje pale, na siku zinaenda. Kifaranga wa dindo ni mwingine kabisa. Katika mwezi wa kwanza anahitaji chakula ambacho zaidi ya robo yake ni protini, yaani kile kinachojenga nyama na manyoya. Wataalamu wanaweka sehemu 28 kwa 100, wakati kifaranga wa kuku anatosheka na 20 hivi. Pumba ya mahindi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, ina kama 10 tu. Kwa hiyo unapomlisha pumba peke yake, hafi siku hiyo. Anabaki mdogo, mabawa yanalegea, miguu inapinda, halafu usiku mmoja wa mvua unammaliza, na watu wanasema ni baridi.

Sasa tuhesabu. Kifaranga mmoja wa kienyeji anakula karibu kilo 3 mpaka afikishe wiki nane. Watano ni kilo 15. Ukitaka kutengeneza mwenyewe kilo 10 za provande ya mwezi wa kwanza, weka soya kilo 5, samaki wadogo wakavu kilo 1, mahindi ya kusaga kilo 3 na nusu, na nusu kilo inayobaki iwe maganda ya mayai na mifupa iliyochomwa, vyote vimesagwa. Soya lazima ikaangwe kwanza mpaka ngozi iwe ya kahawia na harufu yake ifanane na ya karanga, kwa sababu soya mbichi inazuia ndege kukua hata akila mpaka ajae. Samaki wakiwa na chumvi, waoshe na uwakaushe tena. Mchanganyiko huo unakupa ile 28 bila kwenda dukani kununua mfuko.

Lakini angalieni hiyo orodha mara ya pili. Soya, samaki wadogo, mahindi. Ni vitu vile vile ambavyo muuguzi wa kituo cha afya anawaambia akina mama watie katika uji wa mtoto aliyedhoofika. Nyumba yenye kilo 5 za soya na mtoto mwenye miguu iliyovimba haina soya ya dindo. Na ile pakiti ya siagi ya karanga inayotolewa kituoni kwa mtoto mwenye utapiamlo, msikubali mtu yeyote awaambie kwamba kidogo tu cha kumchangamsha kifaranga hakina ubaya. Ile ni dawa ya mtoto. Nimesikia wazo hilo likisemwa kwa kicheko, na sikucheka.

Basi mtu asiye na soya ya ziada afanye nini? Kuna protini ambayo mtoto haihitaji. Mchwa ni wa kwanza. Chukua chungu kikuukuu, kijaze majani makavu na samadi kidogo, vyote vimelowa, kigeuze juu ya kichuguu jioni. Asubuhi utakikuta kimejaa mchwa, na vifaranga watakimbilia kama harusi. Pili ni funza wa samadi. Wanaota kwa siku chache tu katika samadi iliyofunikwa, lakini waoshe na uwamwagie maji ya moto kabla ya kuwalisha, na usichukue kamwe funza wa mzoga, kwani wanabeba sumu inayolegeza shingo ya ndege mpaka anakufa. Majani nayo yanasaidia: lengalenga iliyokatwakatwa, majani ya viazi vitamu, na sombe iliyokaushwa juani vizuri, si mbichi. Kuanzia wiki ya nane hivi dindo anakuwa mla majani mkubwa, na hata nusu ya chakula chake inaweza kuwa majani. Hapo ndipo mhami asiye na shamba lakini mwenye mikono anakuwa na thamani, maana majani hayanunuliwi, yanakatwa.

Jambo moja halina mjadala: chakula chenye ukungu. Unga uliolowa kwenye hema, mahindi yaliyoota kijani, karanga zilizooza, watu wanasema tupatie ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi, na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Mwishowe iligunduliwa kwamba walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yenye ukungu, na ni kutokana na vifo hivyo dunia ilijua sumu inayoitwa aflatoksini. Dindo ni kati ya wanyama wanaoumizwa haraka na sumu hiyo. Inaharibu ini la binadamu pia, kwa hiyo unga huo usimrudishie mtoto ukifikiri unaepuka hasara.

Kuhusu joto nitasema kidogo tu, ila hapa kwetu si jambo dogo. Butembo iko juu, Lubero iko juu zaidi, na usiku wa huko mnaujua. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la digrii 35 hivi, halafu unapunguza kama digrii 3 kila wiki. Wengi wanaweka babula ya makala ndani ya chumba ambamo watu wanalala na vifaranga pamoja. Moshi usioonekana wa makala unaua watu. Bidoni la maji ya moto lililofungwa nguo, ndani ya karton yenye maranda, na mtu wa kulibadilisha usiku, linatosha kwa vifaranga watano au sita. Ukiona wamejirundika, wana baridi. Ukiona wamesambaa na midomo wazi, wanaungua.

Vile vile, siku tatu za kwanza wanaweza kufa na njaa huku chakula kiko mbele yao, kwa sababu hawakioni au hawajui ni chakula. Gonga kwa kidole karibu na chakula, weka juu yake majani mabichi yaliyokatwa au yai la kuchemsha lililopondwa kidogo. Chovya mdomo wao katika maji mara moja. Chombo cha maji kiwe kifupi na kiwekwe mawe ndani, la sivyo utawakuta wamezama.

Nirudi kwenye viwanja vyetu, maana hapo kuna kosa ambalo naliona karibu kila mahali: kuwachanganya na kuku. Kuku anabeba mnyoo mdogo ambao mayai yake yanakaa udongoni miaka, na ndani ya mayai hayo kuna kijidudu kinachoharibu ini la dindo. Kuku mwenyewe anatembea mzima. Dindo anasinzia, anatoa kinyesi cha rangi ya njano kama kiberiti, na ndani ya siku chache kundi linaisha. Dawa ya kuaminika haipo. Kwa hiyo wapandisheni juu, kwenye kibanda chenye sakafu ya mianzi au mbao zenye nafasi, kinyesi kianguke chini. Ukiwa na kuku anayeatamia anaweza kukutotolea mayai ya dindo kwa siku 28, hiyo ni njia nzuri, ila mpe dawa ya minyoo kabla, na vifaranga wakitoka uwaondoe kwake. Chanjo ya Newcastle, ile kideri inayofagia kuku wa mtaa mzima, na dindo wanaihitaji. Ile ya matone ya jicho inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Majirani wakinunua kichupa kimoja pamoja, kila mmoja analipa kidogo.

Sasa feza. Dume aliyelishwa vizuri anaweza kufika kilo 7 kwa miezi sita, na kwa kufika hapo amekula karibu kilo 25. Jike anakula kidogo zaidi ya kilo 17 na anabaki mwepesi. Chukua bei ya kilo moja ya provande katika soko lako wiki hii, zidisha mara 25, ongeza bei ya kifaranga na chanjo. Kisha tuseme umeanza na kumi na watatu wamekufa: gharama ya wale watatu inabebwa na saba waliobaki. Ukipata jumla inayopita bei ya dume mzima sokoni, usianze, au usianze kwa kununua chakula chote. Faida ya dindo kwa mtu wa kawaida hapa kwetu inatoka katika zile kilo ambazo hakuzinunua, yaani majani, mchwa na mabaki ya jikoni. Anayenunua kila kilo anamfanyia kazi muuza provande.

Tena dume akipita miezi saba anaendelea kula huku akiongeza mafuta tu. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Anayetaka kuuza Noeli anahitaji vifaranga wa mwezi wa sita, maana yake mayai yawekwe chini ya kuku mwezi wa tano. Na uuze kwa mizani, si kwa macho. Mnunuzi wa sikukuu anajua kwamba tarehe 24 jioni wewe ndiye mwenye haraka. Kwa maoni yangu, wengi wangepata faida ya haraka na salama zaidi kwa kuuza vifaranga wa wiki kumi kwa wafugaji wengine. Wakati huo hatari kubwa imepita, na kilo nyingi za chakula hazijaliwa bado.

Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi akina mama wa vikundi vya AVEC: msikope kwa ajili ya dindo. Mkopo wa kikundi unarudishwa kwa miezi michache, dindo analipa baada ya sita. Katikati hapo ndipo mtu anauza sufuria.

Na wale walio kambini, wanaolala na mizigo imefungwa, wafuge simbilisi, kobayi wetu. Anakula majani peke yake, anazaa haraka, anaingia katika kikapu na mtoto anaweza kumbeba. Hapigi kelele, jambo ambalo mhami anaelewa bila kuelezwa. Dume wa dindo anaitikia hata pikipiki inayopita.

Dindo ninamuona mahali pamoja: katika kiwanja cha jamaa iliyopokea wahami, kwa mapatano. Mwenyeji anatoa nafasi na mayai, mhami anatoa mikono, majani na macho ya usiku. Lakini mapatano hayo yaandikwe, mbele ya mkuu wa nyumba kumi au shahidi mnayemkubali wote wawili, kabla ya yai la kwanza kuwekwa. Nimeona jamaa mbili zilizoishi kwa amani chini ya bati moja zikiachana kwa ugomvi wa ndege. Andikeni nani anapata nini, nani anabeba hasara ya waliokufa, na kama kijijini kukitulia na mhami akataka kurudi mwezi wa tisa, ndege wake wanahesabiwaje. Mimi ningependekeza hivi: ambaye hajafikisha wiki nane abaki kwa mwenye kiwanja, aliyezidi apimwe siku hiyo hiyo, na mhami alipwe nusu ya kilo zake kwa bei ya soko.

Mashirika yanayogawa vifaranga, nanyi nawaomba mgeuze mpango. Leteni kwanza chanjo na kilo 3 za chakula kwa kila kifaranga, au leteni ndege waliokwisha kupita wiki nane. Kumpa mama mhami vifaranga kumi wa siku moja, apige picha na aende, ni kumpa midomo kumi ya kulisha juu ya ile aliyokuja nayo.