Kati ya "Nani?" na "Mwizi!": Nyumba ya Mchafukoge na Riwaya ya Uhalifu ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Zaidi ya miaka sitini imepita tangu Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na kumtambulisha Bwana Msa kwa wasomaji wa Kiswahili. Tangu hapo riwaya ya uhalifu imepata mashujaa wengine ambao pengine wanafahamika kuliko watunzi wao, wakiwemo Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mashujaa hawa wamepambana na majasusi, na matajiri wenye siri, na mawakala wa iliyokuwa serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Wamepanda ndege, wamelala katika hoteli kubwa, na wamemfukuza adui kutoka jiji moja hadi jingine. Lakini upo uhalifu mmoja ambao mkazi wa Dar es Salaam anaufahamu kuliko huo wote, na ambao riwaya hizo, kwa jumla, zimeupita kama jambo dogo: mtu ameamka usiku wa manane katika chumba chake, na mbele yake amesimama mwizi.

Makala haya yanadai kwamba jambo hilo si dogo, wala si suala la polisi peke yao. Katika Kiswahili, pambano la namna hiyo huanza kwa neno "Nani?" na aghalabu huishia kwa neno "Mwizi!". Kati ya maneno hayo mawili ndimo ilimo riwaya ambayo bado haijapewa haki yake. Mfano utakaotumika ni kata ya Mchafukoge na jirani yake Kariakoo, kwa kuwa historia ya nyumba za huko inaonyesha wazi kwa nini riwaya hiyo haiwezi kuazimwa tu kutoka katika lugha nyingine.

2.0 Mwenye Nyumba ni Nani?

Katika jadi ya Kiingereza, tangu shauri la Semayne la mwaka 1604, nyumba ya mtu imefananishwa na ngome yake. Jadi hiyo imezaa aina ya riwaya inayoeleweka upesi: nyumba moja, mwenyewe mmoja, mwizi mmoja, na silaha iliyofichwa mtotoni mwa meza. Mtunzi wa Kiswahili anayetaka kuihamisha riwaya hiyo hukwama katika neno la kwanza kabisa, yaani "mwenye nyumba".

Neno hilo lina maana mbili. Laweza kumtaja mtu ambaye nyumba ni makazi yake. Lakini katika usemi wa mjini humtaja zaidi yule anayedai kodi mwisho wa mwezi. Tofauti hii ina historia. Chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikawa mpaka kati ya mbili za mwisho. Mchafukoge iko upande wa maghorofa yenye duka chini na makazi juu. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja ni Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1971, kwa Sheria ya Utwaaji wa Majumba, serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo, kwa miongo mingi, katika ghorofa nyingi za eneo hilo, mtu aliyelala nyuma ya nondo za dirisha hakuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ilikuwa ofisi, na ofisi haiamshwi na kishindo cha mwizi.

Upande wa Kariakoo hali ilikuwa nyingine, lakini matokeo yake yalifanana. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Chumba kimoja ni kaya moja. Mwizi akiingia humo haingii katika ngome. Anaingia katika ukumbi wa watu wengi, na mpangaji mmoja akipiga kelele, milango mitano mingine hufunguliwa. Nyumba hizo nyingi zimebomolewa tangu biashara ilipofunguliwa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Hata hivyo, ngazi ni za wote, mlinzi ni wa wote, na kila mpangaji ana kufuli lake.

Isitoshe, mwaka 1983 eneo hili lilishuhudia kinyume cha hadithi hiyo. Katika operesheni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, aliyegonga mlango alikuwa dola, na aliyetetemeka ndani ni mwenye duka aliyejua kilichomo katika stoo yake. Wapo waliotupa bidhaa zao kwa hofu ya kukutwa nazo. Mwaka huohuo Sheria ya Nguvu Kazi ilitumika kuwakamata watu wasio na kazi maalumu na kuwaondoa mjini. Kwa kipindi hicho, basi, aliyekuwa ndani na aliyekuwa nje waliweza wote wawili kuitwa wezi wa taifa. Mtunzi anayeijua historia hii hawezi kuanza na jibu la nani ni mwizi. Hilo ndilo swali ambalo riwaya yake inapaswa kulijibu.

3.0 Hodi, Nani, Mimi

Katika utamaduni wa Waswahili, kizingiti cha nyumba hulindwa kwanza kwa lugha. Mgeni hupiga hodi. Asipojibiwa hurudia, na baada ya mara ya tatu adabu humtaka aondoke. Mlango waweza kuwa wazi mchana kutwa na bado mtu asiingie. Kwa mtazamo huu, mwizi hatambulikani kwa kuvunja kitasa peke yake. Anatambulikana kwa sababu ameingia bila hodi. Amevunja mazungumzo kabla ya kuvunja mlango.

Ndiyo maana mtu anayeshtuka usingizini huuliza, "Nani?" Kwa swali hilo anampa aliyeingia nafasi ya mwisho ya kuyarudia mazungumzo aliyoyaruka. Jibu la kawaida la swali hilo, kama kila mzungumzaji ajuavyo, ni "Mimi." Kisemantiki jibu hilo ni tupu, kwa sababu kila mtu ni "mimi". Hupata maana pale tu sauti inapotambuliwa: "mimi" ya mtoto, "mimi" ya jirani, "mimi" ya kijana aliyewahi kubeba mizigo dukani. Mtu akijibu "mimi" gizani, amekiri kwamba anatarajia kujulikana.

Hapa ndipo penye mvutano ambao riwaya ya kukimbizana haiwezi kuutoa. Katika mitaa ya Mchafukoge husikika Kigujarati, Kikachi, Kiarabu na Kiswahili cha namna nyingi. Silabi mbili za "mimi" zaweza kumweleza mwenye chumba umri wa mtu huyo, kwao, na pengine jina lake. Kumtambua mwizi ni jambo zito kuliko kumwona. Asiyetambuliwa anaweza kupigwa bila dhamiri kusumbuka. Aliyetambuliwa ana mama, ana nyumba anayotoka, na kesho atakumbukwa msibani.

4.0 Neno Linalohukumu

J. L. Austin, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo hayaelezi tendo bali yenyewe ni tendo. Mfano wa Kiswahili ulio mkali kuliko mingi ni ukelele wa "Mwizi!". Kimuundo ni nomino moja tu. Kimatumizi ni mashtaka, ushahidi na hukumu kwa pamoja, na wanaoitekeleza hawajaona chochote. Mahakama ina neno "mtuhumiwa", ambalo huacha mlango wazi hadi ushahidi usikilizwe. Mtaa hauna kisawe chake. Hakuna aliyewahi kutoka mbio usiku akipiga kelele "Mtuhumiwa!".

Maumbo ya maneno yenyewe yanafundisha. Lugha imewapanga wezi kwa vipimo: kibaka kwa kiambishi cha udogo, mwizi katika ngeli ya watu, jizi kwa ukuzaji, na jambazi mwenye silaha, ambaye wingi wake ni majambazi. Aliye katika m-/wa- bado ni mtu kwa umbo la neno lake. Wengine wamekwisha kupelekwa pembeni. Baada ya tukio gazeti huandika kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Katika fungu hilo la maneno lililozoeleka hakuna mtendaji hata mmoja mwenye jina, na aliyeuawa naye mara nyingi hana. Sarufi imewaficha wote.

Sheria haikubaliani na sarufi hiyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, huhesabu kuvunja nyumba usiku kuwa kosa zito kuliko kuvunja mchana, na humpa mtu haki ya kujitetea pamoja na kutetea mali yake kwa nguvu zinazostahili. Lakini haki hiyo ni ya wakati wa hatari. Haimfuati mwizi aliyekwisha kuangushwa barabarani, na wala haimpi mpita njia tofali. Mpaka kati ya kujitetea na kuua unaweza kuwa wa dakika moja, na dakika hiyo gazeti halina nafasi ya kuisimulia. Riwaya inayo.

5.0 Methali Mbili, Riwaya Mbili

Methali isemayo kwamba siku za mwizi ni arobaini imekuwa kama msuko wa riwaya nyingi za uhalifu: mwizi huiba, hufuatwa, siku zake hutimia. Msomaji huridhika, kwa kuwa hesabu imekamilika. Lakini ipo methali ya pili, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hii hutoa riwaya ya namna nyingine, ambamo uhalifu hauji kutoka nje. Bwana Msa aliielewa methali hii. Mafumbo yake humrudisha msomaji tena na tena katika siri za ukoo na urithi. Baadaye riwaya pendwa ya Bara ilivutwa zaidi na methali ya kwanza, ingawa Mtobwa, kwa Dar es Salaam Usiku (1990), alionyesha kwamba jiji lenyewe laweza kuwa mada.

Mfano bora wa methali ya pili umetoka Misri. Katika riwaya ya Naguib Mahfouz ya mwaka 1961, ambayo jina lake lamaanisha "Mwizi na Mbwa", Said Mahran ametoka gerezani naye anaingia usiku katika jumba la Rauf Ilwan. Rauf alikwisha kuhisi, naye anamngoja gizani. Kinachouma katika tukio hilo si bastola. Ni kwamba Rauf ndiye aliyewahi kumfundisha Said kuwa kumwibia tajiri ni haki. Mwenye jumba anamnyang'anya fedha, anamfukuza, na baadaye gazeti lake linaongoza kelele dhidi yake. Mahfouz hakumsafisha mwizi, kwani Said anaua watu wasio na hatia. Alichofanya ni kuwalazimisha watu wawili wanaojuana wasimame katika chumba kimoja. Mchafukoge ina vyumba vya kutosha kwa tukio kama hilo.

6.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba riwaya ya namna hii itamwonea mwizi huruma na kumsahau aliyeibiwa. Hofu hiyo ina msingi. Cherehani iliyoibwa katika chumba cha kupanga si mali tu. Ni chakula cha watoto na ada ya shule, na aliyeibiwa mara nyingi ni maskini kama mwizi wake. Riwaya ikilipuuza jambo hilo itakuwa imedanganya. Lakini kumpa mwizi jina si kumpa msamaha. Hata hakimu hawezi kumfunga mtu asiyekuwa na jina.

La pili ni kwamba msomaji wa riwaya pendwa anataka mwendo wa kasi, wala hataki kufungiwa chumbani. Pingamizi hili linamdharau msomaji. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kulala akisikiliza nyayo ukumbini anajua kwamba hakuna kasi inayozidi ile ya moyo wake wakati huo. Ugumu uko katika lugha: mtunzi atahitaji usemi wa ukumbini, Kiswahili cha kituo cha polisi na Kiswahili cha mahakama, na kila kimoja kisikike kilivyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pambano la mwenye nyumba na mwizi, likitazamwa kutoka Mchafukoge, si hadithi ya ngome na mvamizi. Mwenye nyumba aweza kuwa mpangaji; mwizi aweza kuwa mtu anayefahamika; na silaha inayoua inaweza kuwa nomino moja iliyotamkwa kwa sauti kubwa. Idara za Kiswahili, ambazo kwa muda mrefu ziliiweka riwaya ya uhalifu kando kwa kuiita pendwa, zina wajibu wa kuisoma upya kama ushahidi wa namna jamii inavyotaja na kuhukumu. Wanafunzi wa uzamili waanze na swali jepesi: katika kila riwaya wanayoichambua, mwizi ameitwa kwa jina lake mara ngapi kabla hajafa? Watunzi nao wanaombwa jambo moja. Mhusika wao akiisha kuuliza "Nani?", wamwache aliyeingia ajibu kabla mtaa haujaamka.