Maji ya Muyinga hayatoki ziwani

Kuna imani iliyoota mizizi katika miji ya juu ya Burundi, kuanzia Gitega mpaka Muyinga, kwamba mafuriko ni taabu ya watu wa chini. Gatumba inafurika kwa sababu imekaa mdomoni mwa mto Rusizi. Buterere inafurika kwa sababu ni tambarare. Rumonge inamegwa na Ziwa Tanganyika kwa sababu imejengwa ufukweni. Sisi tuko juu, watu husema. Mji wa Muyinga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kilomita nzima juu ya uso wa ziwa, sasa maji yatapandaje huko? Kwa hoja hiyo kiwanja hununuliwa bila mtu kuuliza mvua ikinyesha maji yake hupita wapi, nyumba husimamishwa bila mtaro, na bima ikitajwa jibu huwa ni kwamba hiyo ni ya magari, au ni ya matajiri wa Bujumbura. Imani hii ni kosa, na ni kosa linaloua watu.

Tuanze na Bujumbura yenyewe, kwa sababu ndiyo mfano ambao kila mtu wa milimani huutoa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mitaa ya kaskazini mwa jiji ilizolewa na maji, watu zaidi ya 60 wakafa na mamia ya nyumba yakabomoka. Ziwa halikuhusika hata kidogo. Maji yale yalishuka kutoka kwenye milima inayolizunguka jiji, yakabeba udongo, mawe na miti, yakawakuta watu usingizini. Desemba 2019 maafa yaliwafuata watu hukohuko mlimani: Nyempundu, katika tarafa ya Mugina mkoani Cibitoke, ardhi iliporomoka usiku wa mvua na kufukia makumi ya wakazi. Majirani zetu wameyaona hayohayo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika wilaya za milimani za magharibi na kaskazini. Siku moja baadaye, Kalehe katika Kivu ya Kusini ilipoteza watu zaidi ya 400. Vijiji vyake vya Bushushu na Nyamukubi viko kando ya Ziwa Kivu, lakini kilichowaua watu kilitoka nyuma yao, mlimani, kikielekea ziwani. Desemba mwaka huohuo tope la Mlima Hanang liliifunika Katesh, Tanzania, na kuua zaidi ya watu 80. Ukiyapanga matukio haya pamoja, unakuta kwamba wengi waliokufa ndani yake walikufa chini ya mteremko.

Kisa cha Mai Mahiu nchini Kenya kinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, watu zaidi ya 50 walikufa pale, na mwanzoni habari zilisema bwawa limepasuka. Serikali ilieleza baadaye kwamba hapakuwa na bwawa. Palikuwa na tuta la reli ya zamani na njia ya maji iliyopita chini yake. Njia hiyo iliziba kwa magogo, mawe na takataka, maji yakajikusanya nyuma ya tuta kwa siku za mvua, na tuta lilipokatika yote yakashuka kwa pigo moja. Yaani binadamu ndiye aliyejenga bwawa bila kujua kwamba amelijenga. Kila barabara inayokata mteremko ni tuta la namna hiyo, na kila kalavati chini yake ni mlango unaoweza kuzibwa na gunia moja na matawi ya migomba. Barabara itokayo Muyinga kwenda Kobero na ile iendayo Ngozi zina makalavati kama hayo, na nyumba zinajengwa chini yake kila mwaka.

Watu wa juu huwaza maji kwa kuangalia kimo, lakini la kuangaliwa ni eneo lililo juu ya nyumba yako na kile kilichojengwa humo. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita 8 kwa 10. Ikinyesha mvua ya milimita 50, jambo ambalo halishangazi mtu yeyote mwezi wa Aprili, paa hilo moja linamwaga lita 4,000, sawa na ndoo 200 za lita 20. Mtaa wa nyumba 200 kama hizo unamwaga lita 800,000 kwa mapaa peke yake, bila kuhesabu nyua zilizoshindiliwa na barabara za udongo mgumu. Zamani mteremko huohuo ulikuwa na migomba, mikahawa na majani makavu yaliyotandazwa chini yake; sehemu kubwa ya mvua ilizama palepale iliponyesha. Siku hizi bati haliachi tone lizame. Maji yote yanakimbia, yanatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato mara nyingi ni uchochoro kati ya nyumba mbili za matofali mabichi. Tofali la udongo lisilochomwa halihitaji kuzama ili life. Likilowa kwa chini saa chache, ukuta unainama, na kenchi na bati vinawaangukia waliolala.

Historia nayo ina sehemu yake katika hili. Wakati wa Ubelgiji, utawala uliwalazimisha wakulima wa Ruanda-Urundi kuchimba mitaro ya kukinga mmomonyoko kwa kufuata usawa wa mlima. Kazi ilifanywa kwa amri na kwa adhabu, na uhuru ulipokuja mwaka 1962 watu waliiacha mitaro ile kama walivyoacha mambo mengine ya shuruti. Walikuwa na haki ya kuichukia shuruti. Lakini mtaro wenyewe ulikuwa wa maana, na ulipofukiwa maji yalipata tena mteremko mtupu. Mpango wa siku hizi wa kuchimba mitaro na kupanda majani kingoni mwake umerudisha kazi hiyo katika mashamba mengi, na inaonekana. Mijini haijarudi. Gitega, tangu ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, inajengwa kwa haraka, na Muyinga inapanuka kwa biashara ya mpaka wa Tanzania. Katika miji yote miwili kiwanja cha bei nafuu ni kile kilicho kwenye korongo, au kwenye ukingo wa bonde la mpunga, au chini kabisa ya mteremko. Bei yake ni ndogo kwa sababu wenyeji wa zamani walikiacha wazi, na walikiacha wazi kwa sababu walijua maji hupita hapo.

Hapa ndipo utakaposikia pingamizi la kwanza na lenye nguvu kuliko yote: mababu zetu wamekaa mlima huu na hawakuwahi kuona mafuriko. Huo ni ushahidi, siudharau. Mzee anayejua mkondo wa maji ulipita wapi kabla ya barabara kuchimbwa anajua jambo ambalo hakuna ramani inayolionyesha, na mnunuzi mwenye busara angeanza kwake kabla ya kwenda kwa mpima ardhi. Lakini kumbukumbu yake ni ya mlima mwingine, wenye nyumba chache, paa za nyasi au vigae, na udongo uliokunywa maji. Ramani za serikali nazo zisitulaze usingizi. Marekani ina ramani za mafuriko na mpango wa bima wa taifa tangu 1968, na bado shirika la FEMA lenyewe limeeleza kwamba takriban 40 kati ya kila madai 100 ya bima hiyo yametoka nje ya maeneo yaliyowekwa alama ya hatari kubwa. Septemba 2024 masalia ya kimbunga Helene yalizamisha sehemu za mji wa Asheville, ulio katikati ya milima ya Appalachia, mamia ya kilomita kutoka baharini. Wenye nyumba waliokuwa na bima ya mafuriko huko walikuwa wachache mno, kwa sababu ileile inayotolewa Muyinga: sisi tuko juu.

Pingamizi la pili ni la imani, kwamba mvua ni ya Mungu na aliyeandikiwa ameandikiwa. Nalijibu kwa heshima na kwa ufupi. Muislamu anajua hadithi ya Mtume juu ya ngamia na kamba yake, na Mkristo amesikia tangu utotoni mfano wa nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Hakuna dini kati ya hizo inayomfundisha mtu kuziba mtaro wa jirani.

Tuje kwenye bima, ambako imani yetu inagharimu kwa njia isiyoonekana haraka. Burundi ina makampuni ya bima. SOCABU ipo tangu miaka ya 1970, na nyingine zimefuata. Lakini mwenye nyumba wa Muyinga hukutana nayo kwa sababu mbili tu: gari lake linadaiwa bima na sheria, au benki imemwambia akate bima ya moto kabla ya kupewa mkopo. Hapo anasaini karatasi na kudhani nyumba imekingwa. Mara nyingi haikukingwa dhidi ya maji. Bima ya moto, kwa kawaida, haigusi mafuriko wala maporomoko mpaka iongezwe nyongeza iliyoandikwa na kulipiwa, na hata ikiongezwa huweza kubagua kati ya maji yaliyopanda kutoka mtoni, maji yaliyotiririka kutoka mlimani na maji yaliyopenya kwa paa bovu. Tena bima iliyokatwa kwa ajili ya mkopo humlipa kwanza aliyekopesha. Kwa hiyo mtu asome mkataba, au asomewe kwa lugha anayoielewa, na aulize swali moja waziwazi: maji yakishuka kutoka barabarani yakaangusha ukuta wangu wa nyuma, mtanilipa? Jibu la mdomo halitoshi. Anayesema makampuni hayalipi mara nyingine anasema kweli, lakini mara nyingi aliyekataliwa alikuwa amenunua kinga ya moto akidai hasara ya maji, na wa kulaumiwa hapo ni wakala pia aliyemuuzia bila kumweleza.

Ni lazima niseme kweli nyingine: kwa nyumba nyingi za Muyinga, zile za matofali mabichi zisizo na hati, bima ya namna hiyo haipatikani, na ikipatikana bei yake haiwezekani. Ndiyo maana wengi husema kinga yetu ni ikibiri, yaani kazi ya kusaidiana, na vikundi vya kuweka na kukopa. Navithamini vikundi hivyo. Vimesomesha watoto na vimezika watu kwa heshima. Lakini vina udhaifu ambao mafuriko huugonga palepale. Wanachama wake wanaishi mlima mmoja. Ugonjwa humpata mmoja, na wengine wanachanga. Tope hushuka katika safu nzima ya nyumba, na siku hiyo wote wanataka kutoa wala hakuna wa kuweka. Kikundi kinachotaka kuwa kinga ya maji kinahitaji kuungana na vikundi vya milima mingine na tarafa nyingine, ili mvua moja isiwafikie wanachama wote kwa pamoja.

Na hapo serikali haiwezi kukaa pembeni. Wapo watakaosema kumwambia maskini habari za bima ni kumtwika mzigo wa dola, na wana haki kwa kiasi kikubwa. Mwenye nyumba hawezi kuchimba kalavati la barabara kuu. Ufaransa iliamua mwaka 1982 kwamba kila mkataba wa bima ya nyumba ubebe kinga ya majanga ya asili, kila mtu alipe kiwango kilekile awe kilimani au mtoni, na dola isimame nyuma kama mdhamini. Rwanda, ng'ambo ya mto Akanyaru, ilianzisha mwaka 2019 bima ya kilimo na mifugo ambayo serikali hulipia asilimia 40 ya ada. Burundi inaweza kuanza kwa udogo zaidi ya hapo. Lakini nani atadai, ikiwa watu wa juu wenyewe wanaamini hawahusiki? Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024 zaidi ya watu 200,000 waliathirika na mvua nchini, serikali ikaomba msaada wa dunia pamoja na Umoja wa Mataifa, na macho yote yakaelekea Gatumba na ufukwe wa ziwa. Watu wa Gatumba walistahili kila kilichofika. Mtu wa Muyinga aliyepoteza jiko na ukuta mmoja hakuhesabika hata na majirani zake, kwa sababu hawakuyaita yale mafuriko, waliyaita mvua.

Kwa hiyo madai yangu kwa tarafa ni mahususi. Ofisi ya tarafa ishirikiane na wakuu wa milima kuandika kila nyumba iliyoingiwa na maji au kupoteza ukuta, ikionyesha maji yalitoka upande gani, kwa sababu hakuna kampuni wala serikali itakayokadiria ada bila daftari la hasara. Kibali cha ujenzi kisitolewe kwenye mkondo, na aliyeuziwa kiwanja mkondoni arudishiwe fedha na aliyemuuzia. Kila paa jipya la bati liwe na mfereji na tangi au shimo la kuzamisha maji ndani ya kiwanja chake mwenyewe. Na makalavati ya barabara yakaguliwe mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, kwa kuyapita moja baada ya jingine pamoja na wanaoishi chini yake, huku mitaro ikiwa mikavu na kila mtu akiona imezibwa wapi na nani ana koleo.