Jemadari Si Kete

Jioni, katika baraza za Temeke na Kinondoni, vita hupiganwa kwa namna mbili. Wazee wameinamia bao lenye mashimo 32 na kete 64. Vijana wameinamia simu na kompyuta, wakiongoza majeshi ya nchi za mbali yaliyopigana karne nyingi zilizopita. Sikusudii kuwafukuza vijana hao barazani, maana mapumziko ni haki ya kila mtu. Ugomvi wangu ni na wale, wakiwamo baadhi ya walimu, wanaodai kwamba mchezo huo wa pili ni darasa la historia. Katika jambo moja kubwa, yaani uaminifu na usaliti wa majemadari, darasa hilo linafundisha uongo.

Hebu tulitazame. Mwaka 1985 kampuni ya Koei ya Japani ilitoa mchezo juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoigawa Uchina katika Falme Tatu. Michezo mingi ya namna hiyo imefuata. Humo kila jemadari hupewa namba ya uaminifu, na ukomo wake ni 100. Mpe dhahabu, namba itapanda. Mpuuze, itashuka, na ikishuka, tarishi wa adui atakuja kumrubuni, naye huenda akahama. Kijana aliyecheza hivyo kwa miezi anatoka na kanuni moja kichwani: uaminifu ni bidhaa, na msaliti ni mtu aliyelipwa kidogo.

Kanuni hiyo na tuipime kwa vita vyetu wenyewe. Munyigumba, mtawala aliyewaunganisha Wahehe, alifariki mnamo mwaka 1879. Masimulizi ya Wahehe yanaeleza kwamba Mwambambe, aliyekuwa akitawala sehemu ya nchi chini yake, aliunyakua utawala. Huyo hakuwa mtu aliyepuuzwa. Munyigumba alimpa madaraka, akamwoza na binti yake. Kama zawadi ingeweza kununua moyo, Mwambambe angekufa akiilinda nyumba ya mkwewe. Badala yake aliiasi, na Mkwawa, mwana wa marehemu, akalazimika kukimbilia Ugogo. Mkwawa aliporudi vita vikawaka, hata Mwambambe akauawa mahali panapoitwa Lundamatwe, maana yake paliporundikwa vichwa.

Mfano wa pili ni kinyume cha huo. Mpangile, nduguye Mkwawa, hutajwa miongoni mwa majemadari wa Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilisambaratishwa na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Miaka mitatu baadaye ngome ya Kalenga ilianguka. Hatimaye Mpangile alijisalimisha, na mwishoni mwa mwaka 1896 Wajerumani wakamweka kuwa mtawala wa Uhehe. Katika mchezo wa vijana wetu namba yake ingefika 100 siku hiyohiyo, kwa kuwa amepewa kiti cha enzi! Lakini mwezi Februari 1897 Wajerumani haohao walimwua, wakimshtaki kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri. Je, Mpangile alikuwa msaliti? Kama ndiyo, alimsaliti nani: nduguye kwa kukipokea kiti, au waliompa kiti kwa kumkumbuka nduguye? Mwalimu mwema halijibu swali hilo kwa niaba ya mwanafunzi. Humwachia alibebe mpaka nyumbani.

Tena iko hesabu ya rupia. Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa atakayewapatia Mkwawa. Kwa mkulima wa siku zile huo ulikuwa utajiri usiosemeka. Hata hivyo, tangu Kalenga ilipoanguka mwezi Oktoba 1894 hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi, Mkwawa aliishi katika misitu na milima ya nchi yake, akilishwa na kufichwa na watu waliojua adhabu ya kumlisha. Sitaficha kwamba alikuwa mtawala mkali, na kwamba wako waliomtii kwa hofu. Lakini hofu nayo, kama mapenzi, haiandikwi kwa rupia.

Nitaambiwa: je, fedha haina nguvu? Inayo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi hapa Dar es Salaam, katika kambi ya Colito, ambayo sasa inaitwa Lugalo. Walidai mishahara bora. Walidai pia maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Dai la kwanza lingeingia katika mchezo. La pili lisingeingia, kwa maana ni dai la heshima. Serikali nayo haikutosheka na kuhesabu mishahara. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ili askari ajue anamlinda nani na kwa nini.

Sasa turudi kwa wazee wetu na bao lao. Kete iliyoliwa haitupwi nje. Hupandwa upande wa aliyeila, ikamtumikia. Sijamsikia mzee akiiita kete hiyo msaliti, kwa kuwa kete haina moyo. Bao lina adabu: halijidai kuwa linasimulia maisha ya watu. Ule mchezo mwingine huipa kete jina na sura ya mtu, halafu humfanya mtu kuwa kete.

Basi, ndugu walimu, msiwanyang'anye vijana simu zao mkadhani mmefundisha. Waulizeni: Mwambambe mngempa namba gani siku ya arusi yake? Na Mpangile mngempa ngapi siku alipokalia kiti? Wakishindwa kukubaliana, hapo ndipo historia inapoanza. Na taifa ambalo vijana wake wanaamini kwamba kila mtu ana bei halihitaji adui wa kulivamia. Linamngojea mnunuzi tu.