Mambo ya Nje Yapangwe kwa Sheria

Ndugu wananchi wa Mbeya na Iringa, wako watu wasemao kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ni shauri la mabalozi na wakubwa, wala halimhusu mkulima. Twasema wamekosea.

Mwezi wa Machi 2025 Serikali ya Malawi ilizuia baadhi ya mazao ya nje yasiingie kwake, yakiwamo mchele, ndizi na tangawizi. Watu wa Kyela hula kwa mchele, na wa Rungwe kwa ndizi. Mwezi wa Aprili Serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, na baada ya siku chache ikaondoa marufuku yake ili mazungumzo yaendelee. Lakini ndizi haingoji mazungumzo, huoza. Tangazo alilitoa Waziri wa Kilimo, maana mazao ni kazi yake. Je, ujirani ni kazi ya nani? Nani alipaswa kusema na jirani kabla lori halijasimama Kasumulu?

Sisi si wageni wa mambo haya. Mgagao, Iringa, tuliwapokea wapigania uhuru. Reli ya TAZARA ilipita Mbeya ili Zambia isitegemee njia za wakoloni wa kusini. Gharama ya siasa ya nje tumeilipa. Basi tunayo haki ya kuuliza inavyoendeshwa.

Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliiunganisha Wizara hii na ile ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki, akamkabidhi Balozi Augustine Mahiga, mwana wa Iringa. Hatulaumu, kubana matumizi ni jambo jema, na ibara ya 36 ya Katiba humpa Rais mamlaka ya kuanzisha na kufuta ofisi. Lakini kilichounganishwa kwa kalamu moja chaweza kutenganishwa kwa kalamu nyingine.

Wenzetu wa Kenya walipitisha Sheria ya Utumishi wa Mambo ya Nje mwaka 2021. Humo waliandika jinsi utumishi huo uundwavyo, uongozwavyo na uwajibikavyo, na wakaweka chuo cha kuwafunza watumishi wake. Chuo sisi tunacho, Kurasini, tangu 1978, tulichokianzisha pamoja na Msumbiji. Sera tunayo pia, ya mwaka 2001, itangulizayo uchumi, na toleo lake jipya lilizinduliwa Mei 2025. Lakini sera ni nia, sheria ni wajibu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Watasema sheria itamfunga Rais mikono. La hasha! Rais ateue mabalozi na aongoze siasa ya nje. Sheria itamke mambo matatu tu. Kwanza, afisa wa Wizara akae Tunduma na Kasumulu, ajulikane kwa wafanyabiashara. Pili, Bunge lipewe taarifa kila mwaka juu ya kila zuio la mpakani na jinsi lilivyotatuliwa. Tatu, balozi zetu za Lilongwe na Lusaka zipimwe kwa msaada ziutoao kwa mchuuzi mdogo, wala si kwa karamu.

Kila tawi lijadili jambo hili, kisha limwite mbunge wake na kumwuliza: utalipeleka Bungeni, ndiyo au siyo? Akijikunakuna kichwa, tumkumbushe nani aliyempeleka Dodoma.

Uhuru na Umoja!