Naanza kuizoea LinkedIn

Ukimuuliza kijana aliyemaliza chuo hapa Nairobi kwa nini bado anazunguka na bahasha ya vyeti, atakujibu kwa neno moja: kujuana. Huna mjomba wizarani, huna rafiki ya baba kwenye benki, basi subiri. Sisi tunaoandika programu tunapenda kujidai kwamba kwetu mambo ni tofauti, eti kazi yako ndiyo cheti chako. Tuseme ukweli jamani. Tangu nihamie Jamhuri, karibu kila kazi ya kujitegemea niliyoipata ilianza na mtu kunitaja mbele ya mtu mwingine.

Ndiyo maana nimeanza kuizoea LinkedIn, tovuti niliyoikwepa kwa miaka mingi. Ilifunguliwa kwa umma Mei 2003, Microsoft wakainunua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, na muda wote huo nilikaa pembeni. Nilikuwa na sababu, na sijazifuta. Mwaka 2012 nywila za wanachama wake ziliibwa. Zilikuwa zimefumbwa kwa SHA-1 bila kutiwa "chumvi", yaani zile herufi za nasibu zinazofanya nywila mbili zinazofanana zisifanane zikishafumbwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angekatwa alama kwa hilo. Kwanza tuliambiwa ni milioni 6.5, mwaka 2016 ikajulikana ni zaidi ya milioni 100. Halafu kuna yale majigambo: kila mtu ni "kiongozi mwenye maono", hata aliyefungua kampuni jana, yeye peke yake, sebuleni.

Kilichonilainisha ni utafiti. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kwamba habari za kazi mara nyingi hutoka kwa watu tunaofahamiana nao juu juu kuliko kwa marafiki wa karibu. Ukifikiri utaona mantiki: rafiki yako wa kila siku anajua yale yale unayoyajua. Yule mliyesoma naye na hamjaonana miaka minane anajua watu wengine kabisa. Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha majaribio yaliyofanyiwa ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa watu zaidi ya milioni 20, kwa kubadilisha-badilisha kile kisanduku kinachokupendekezea watu ambao huenda unawajua. Granovetter alikuwa sahihi, ingawa kufahamiana kukiwa hafifu mno faida hupungua tena. (Wahusika hawakuulizwa kama wanataka kufanyiwa majaribio. Hilo nalo nimeliongeza kwenye sababu zangu.)

Sasa tulilete hapa kwetu. iHub ilipofunguliwa mwaka 2010 katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road, mtu wa Jamhuri alihitaji matatu moja tu kufika. Ungekaa na kompyuta yako, ukaondoka umefahamiana na watu ambao usingekutana nao popote. Mtu wa Lodwar angefanyaje? Mwenye mjomba wizarani haihitaji LinkedIn. Anayeihitaji ni yule asiye na mtu, na kwake ukurasa wa bure unaoweza kusomwa na mgeni aliyeko Mombasa au Kigali si jambo dogo. Mjomba hatampata humo, lakini atapata wale wa kufahamiana nao juu juu.

Matapeli wapo. Akikuandikia mtu kwamba umepata kazi, ila utume kwanza ada ya usajili kwa M-Pesa, mfungie mlango. Mimi kwenye ukurasa wangu nimeandika miradi mitatu niliyoimaliza na kila mmoja unafanya nini. Cheo sijajipa, namba ya simu sijaiweka, na nywila yangu ya pale siitumii mahali pengine popote. Ombi la mtu nisiyemjua nalikubali akieleza anafanya kazi gani. Asiyeeleza simkubali, hata awe na maono kiasi gani.